Daftari la Siku la Samuel Pepys



Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja wa mji wa London aliyekuwa na desturi ya kuandika katika daftari mambo yaliyompata kila siku. Desturi yenyewe si ngeni. Hata katika vijiji vyetu wako watu waandikao siku ya kupanda, siku ya mvua ya kwanza, na fedha walizowakopesha jamaa zao. Lakini mtu huyu alikuwa na jambo moja lisiloonekana kwa waandishi wengi, nalo ni kwamba hakuchagua. Aliandika alichokula na alichosikia kwa wakubwa, ugomvi wake na mkewe na vita vya mfalme wake, matembezi ya Jumapili na madeni ya ofisi, yote katika ukurasa mmoja na kwa wino mmoja. Jina lake Samuel Pepys, ambalo Waingereza hulitamka "Pips".

Alizaliwa London tarehe 23 Februari 1633, mwana wa mshona nguo. Ili wanafunzi wapate kuuweka wakati huo mahali pake, twawakumbusha ya kuwa katika ujana wa Pepys Ngome ya Mombasa ilikuwa bado mikononi mwa Wareno, na Waarabu wa Oman hawakuitwaa mpaka mwaka 1698, Pepys akiwa mzee wa miaka 65. Daftari alilianza tarehe 1 Januari 1660. Alikuwa na umri wa miaka 26, karani mdogo asiye na fedha nyingi, naye na mkewe Elisabeth walikaa katika nyumba ndogo huko Westminster. Hawakujaliwa kupata mtoto. Kurasa za kwanza zatuambia hali ya nchi, jinsi majeshi yalivyokuwa yakishindana wala hakuna ajuaye nani atatawala. Tena zatuambia ya kuwa mchana ule walikula mabaki ya bata mzinga, na Elisabeth aliungua mkono alipokuwa akiiandaa nyama.

Hakuandika kwa herufi za kawaida, bali kwa alama za mkato zilizotungwa na Thomas Shelton, ambazo watu wa siku hizo walizitumia ili kuandika upesi. Alama hizo zilimfaa kwa haraka, na zilimfaa vile vile kwa siri, maana mtumishi au mgeni ambaye angelifungua daftari asingeweza kusoma neno, isipokuwa majina ya watu na ya mahali, ambayo mara nyingi aliyaandika waziwazi. Alipokufa mwaka 1703 aliacha vitabu vipatavyo 3,000, na mwaka 1724 vitabu hivyo vyote vikapelekwa katika chuo cha Magdalene huko Cambridge, na daftari lake la juzuu 6 likiwa miongoni mwao. Likakaa rafuni karibu miaka 100. Ndipo mwaka 1819 kijana mmoja aliyeitwa John Smith alipopewa kazi ya kulifumbua, akaketi nalo karibu miaka mitatu, akibahatisha alama moja moja mpaka zikamfungukia. Na kitabu cha Shelton, chenye kuzieleza alama zile zote, kilikuwa katika maktaba ile ile, hatua chache tu kutoka mahali lilipokuwa daftari! Hakuna aliyemwambia. Sehemu ya kazi yake ilipigwa chapa mwaka 1825. Daftari zima, bila kukatwa neno, halikupigwa chapa mpaka miaka ya 1970 hadi 1983.

Sasa na tulifungue wenyewe.

Mwezi wa Mei mwaka 1660 Waingereza walimrudisha nchini Mfalme Charles wa Pili, ambaye baba yake alikatwa kichwa mbele ya watu mwaka 1649. Pepys alikuwa katika merikebu zilizokwenda Uholanzi kumleta. Yatupasa kujua ya kuwa mfalme wa kwanza alipouawa, Pepys alikuwa mwanafunzi wa shule, naye alisimama kutazama, akasema maneno ya kuonyesha kwamba jambo lile limempendeza. Sasa yumo chomboni akimshangilia mwana. Miezi michache baadaye alikutana mezani na mtu aliyesoma naye, akakaa na wasiwasi asije mwenzake akakumbuka maneno yale ya zamani. Na wasiwasi huo nao akauandika. Ni watu wangapi waliogeuza maneno yao mwaka ule, nao hawakuacha hata mstari mmoja wa kutuambia!

Siku ya kushuka pwani, mfalme alikwenda kwa mashua yake, na Pepys akawa katika mashua nyingine pamoja na watu wachache na mbwa mmoja ambaye mfalme alimpenda. Mbwa akajisaidia humo chomboni. Watu wakacheka; na Pepys akafikiri moyoni ya kuwa mfalme na vitu vyake vyote ni sawa na watu wengine na vitu vyao. Katika vitabu vikubwa vya tarehe utasoma habari za mizinga iliyopigwa siku ile na umati uliopiga magoti. Habari za mbwa zimo kwa Pepys tu.

Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alikwenda Charing Cross kumtazama Jemadari Harrison akiuawa. Huyu alikuwa mmoja wa wale waliotia sahihi hati ya kumwua mfalme wa kwanza, naye alinyongwa na kukatwa vipande, watu wakipiga kelele za furaha. Pepys aliona ya kuwa uso wa Harrison ulikuwa mchangamfu kadiri uwezavyo kuwa uso wa mtu aliye katika hali ile. Akakumbuka ya kuwa aliona damu ya mfalme, na sasa ameona damu ya kwanza ya kulipiza. Kutoka hapo akawachukua rafiki zake wawili akawalisha chaza. Akaenda nyumbani, akamkasirikia mkewe kwa sababu vitu vyake vilikuwa vimetupwa ovyo, na katika hasira yake akakipiga teke kikapu kizuri alichomnunulia Uholanzi, kikavunjika. Jambo hilo likamsumbua baadaye. Alasiri akafunga rafu za vitabu chumbani mwake.

Twawaomba mfikiri kidogo juu ya siku hiyo. Mtu aliyeona mwenzake akikatwa vipande asubuhi, je, hasira yake juu ya kikapu ilitoka kwa mkewe kweli? Pepys hasemi. Pengine hakujua. Lakini kwa kuwa aliyaandika yote mawili, sisi twaweza kuuliza. Tarehe za miji yetu ya pwani, kama vile ya Kilwa na ya Pate, zatuambia nani alitawala baada ya nani, alitawala miaka mingapi, na alipigana na nani. Ni hazina kubwa, nasi twawashukuru walioihifadhi. Lakini mfalme akipigana, katika tarehe hizo hatuoni nyumba ya mtu wa kawaida jioni ya siku ile, wala hatumwoni mke wa baharia.

Na huko kwa wake za mabaharia ndiko tunakotaka kuwapeleka, maana kwa maoni yetu ndiko daftari hili linakofikia kilele chake.

Mwaka 1660 Pepys alipata cheo katika baraza lililosimamia manowari za mfalme, mshahara wake pauni 350 kwa mwaka, pamoja na nyumba karibu na ofisi. Akafanya kazi kwa bidii kuliko wakubwa wake wengi; alijifunza bei za mbao, kamba, lami na matanga, akawafahamu waliouibia ufalme. Yeye naye hakuwa mtakatifu. Siku moja ya mwaka 1663 nahodha mmoja alimpa barua, naye akajua kwa uzito wake ya kuwa ndani mna fedha. Alipofika nyumbani aliifungua kwa namna ambayo fedha zilianguka zote kabla yeye hajatazama ndani, ili akiulizwa apate kusema kwamba hakuona fedha katika karatasi. Wengi hufanya hila kama hiyo. Lakini tumemsoma mmoja tu aliyeieleza hatua kwa hatua kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1665 Uingereza iliingia katika vita na Uholanzi vya kugombea bahari na biashara. Mwaka huo huo tauni iliingia London, ikaua watu zaidi ya 68,000 walioandikwa. Na mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 2 Septemba, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 kwa muda wa siku nne. Mambo hayo yote Pepys aliyaona, naye anasomwa sana kwa ajili yake. Lakini kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa juu ya moto ule, sisi tutataja machache tu. Wakati wa tauni alijiuliza itakuwaje desturi ya kuvaa nywele za bandia, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kununua nywele zilizokatwa pengine katika kichwa cha maiti. Wakati wa moto aliwaona njiwa wakikataa kuyaacha madirisha yao mpaka mabawa yakaungua. Aliona paka akitolewa katika tundu la dohani, manyoya yameungua na roho ingalimo. Na yeye mwenyewe alichimba shimo bustanini akazika mvinyo wake na jibini yake ya Kiitalia.

Turudi kwa mabaharia. Fedha za vita zilikwisha. Baharia aliporudi kutoka baharini hakulipwa fedha, bali alipewa hati ya kusema kwamba serikali inadaiwa naye. Na kwa kuwa hati hailiwi, akaiuza kwa bei ya chini kwa mtu mwenye nafasi ya kungoja. Wengine walikuwa wafungwa Uholanzi, na wake zao hawakuwa na kitu.

Tarehe 10 Julai 1666 wanawake hao walikuja. Pepys alikadiria ya kuwa walipita 300. Waliujaza ua wa ofisi, wakalia, wakalaani, wakadai fedha za waume zao. Nyumbani kwa Pepys siku ile kulikuwa na nyama ya kulungu iliyofungwa katika unga, mfano wa sambusa kubwa, nayo ilikuwa haina budi kupelekwa kwa mpishi ikaokwe kwa ajili ya chakula cha usiku. Yeye na mkewe wakaogopa kuipitisha mbele ya wanawake wenye njaa, wasije wakaishambulia. Mwisho wakaipeleka, ikapita salama. Wanawake wakapata njia ya kuingia bustanini, wakaja mpaka chini ya dirisha la chumba alimofanyia kazi, wakamlilia. Anaandika ya kuwa aliwahurumia kwa moyo wote, akakaribia kulia, lakini hakuwa na la kuwafanyia. Wengine walipokwisha kwenda, alimwita mmoja ambaye alimsikia akimlilia mumewe tu bila kutukana, akampa fedha kidogo, naye akamwombea heri akaenda zake.

Twapenda kusema wazi tuonavyo. Huruma ya Pepys ilikuwa ya kweli, na sambusa yake ilikuwa ya kweli, na moja haikuizuia nyingine. Mtu mwingine angeiandika huruma na kuiacha sambusa. Angalikuwa karani anayeandika kwa Baraza, angalitaja deni la mishahara na kwamba palikuwa na ghasia uani, basi. Ni kwa sababu aliandika habari za chakula chake cha jioni kwamba sisi, zaidi ya miaka 350 baadaye, twaweza kupima nafasi iliyokuwa kati ya dirisha lake na wale waliosimama chini yake. Tena mwangalieni aliyepewa fedha: ni yule asiyetukana. Waliopiga kelele kwa haki yao hawakupata kitu.

Deni hilo lililipwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Juni 1667 Waholanzi waliingia katika mto Medway, karibu na London, na tarehe 12 walipita mnyororo uliotandazwa kuuzuia mto, wakachoma manowari, wakaikokota mpaka kwao manowari kubwa iliyoitwa Royal Charles, ambayo ni ile ile iliyomleta mfalme kutoka Uholanzi miaka saba kabla. Kipande cha nakshi ya tezi yake kimehifadhiwa Amsterdam hata leo. Pepys aliandika aliyoyasikia: ya kuwa ndani ya merikebu za Waholanzi zilisikika sauti za Waingereza, mabaharia waliowaambia wenzao kwamba zamani walipigania hati, na sasa wanapigania fedha, na ya kuwa katika mitaa ya London wake za mabaharia walipita wakilia kwamba haya ndiyo matokeo ya kutowalipa waume zao. Alisikia pia ya kuwa usiku ule mfalme alikuwa karamuni, naye na wenzake walishughulika kumwinda nondo mmoja aliyeruka chumbani.

Na yeye Pepys alifanya nini? Aliogopa ya kuwa watu watavamia ofisi, akatia dhahabu yake ipatayo pauni 1,300 katika mfuko, akawapa mkewe na baba yake waende nayo shambani Brampton. Na nyingine ya pauni 300 akaifunga kiunoni mwake kwa mshipi. Wale wa Brampton waliizika bustanini mchana kweupe siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, wakidhani kwamba hakuna aonaye. Pepys alipokwenda kuitoa mwezi wa Oktoba, akiwa na taa ya kufunika, aliikuta imetawanyika katika matope, mifuko imeoza. Ikabidi wachote udongo kwa ndoo wauchekeche. Karani mwenye kuandika hasara za ufalme akipiga magoti gizani akitafuta sarafu zake kwa vidole! Twakiri ya kuwa tulicheka tulipoisoma habari hiyo, na yeye mwenyewe aliieleza kana kwamba ajua ya kuwa atachekwa.

Maoni yake juu ya utawala yaliendelea kuwa machungu. Tarehe 12 Julai 1667 aliandika ya kuwa ni ajabu jinsi kila mtu siku hizi amkumbukavyo Oliver Cromwell, yule aliyetawala pasipo mfalme, na kumsifu kwa namna alivyowafanya wafalme wa jirani wamwogope. Maneno kama hayo, yakionekana na mtu mbaya, yangaliweza kumpoteza mwandishi. Wala hofu hiyo haikuwa bure. Mwaka 1679 adui zake walimsingizia uhaini, akatiwa katika gereza la Mnara wa London, ingawa hakuhukumiwa.

Siku mbili baada ya kuandika habari za Cromwell, tarehe 14 Julai, siku ya Jumapili, Pepys alikwenda matembezi. Aliamka kabla kidogo ya saa kumi alfajiri, akamkasirikia mkewe kwa kuchelewa kuvaa, kisha wakaondoka kwa gari la farasi wanne, pamoja na mwanamke mmoja rafiki yao na karani wake Will Hewer, wakichukua mvinyo, bia na kuku baridi, mpaka Epsom, mahali penye maji ya chemchemi yaliyosifiwa kuwa ni dawa. Wakala, wakalala kidogo wakati wa joto, kisha wakatembea katika vilima vyenye majani mafupi. Humo njiani Pepys alitegua mguu.

Huko vilimani walimkuta mchunga kondoo mmoja mzee, mbali na nyumba za watu, na mwanawe mdogo akimsomea Biblia. Pepys akamwomba mtoto asome tena, naye akasoma kwa ile sauti ya kujilazimisha wasomayo watoto wa shule. Wanafunzi wanaotusikiliza wanaijua sauti hiyo. Pepys akaipenda. Akaziangalia soksi za mzee, za sufu ya rangi mbili, na viatu vyake vilivyopigiliwa chuma kisiginoni na mbele; akauliza sababu, akajibiwa ya kuwa vilima vimejaa mawe. Akauliza kondoo ni wangapi, akaambiwa wapata 360. Akauliza mshahara, akaambiwa shilingi 4 kwa juma, mwaka mzima. Akampa mzee zawadi kidogo. Bibi wakachuma maua, wakanywa maziwa, na waliporudi jioni, jua likichwa, wakaona vimulimuli njiani. Garini Pepys akaamua ya kuwa hatanunua nyumba ya shamba kamwe, maana ina gharama na udhia. Afadhali anunue gari, apate kwenda leo huku na kesho kule.

Hayo yote, mwezi mmoja baada ya manowari kuchomwa, na amani ilikuwa haijatiwa sahihi. Wako watu waliomlaumu Pepys kwa wepesi wa moyo. Sisi hatumlaumu. Hata katika miaka mibaya kondoo huchungwa, na watoto husoma kwa sauti ile. Na asiyeyaandika hayo hudhani baadaye kwamba mwaka mzima ulikuwa moshi. Tena mtu aliyeuliza mshahara wa mchunga kondoo wakati wa matembezi, twaona ya kuwa kazi yake ya ofisini haikumtoka kichwani, nayo ilimfanya mwangalizi bora.

Lakini liko jambo moja katika daftari ambalo hatuwezi kulipita. Elisabeth naye aliandika. Alikuwa mpweke, mumewe alishinda ofisini na kwa wakubwa, naye alikaa nyumbani na watumishi. Aliandika karatasi ya kueleza maisha yake yalivyokosa furaha, na tarehe 9 Januari 1663 akamsomea mumewe. Pepys akaona ya kuwa mengi yaliyomo ni kweli, tena yameandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeyote atakayeiokota ataweza kuisoma. Akaogopa aibu. Akamwamuru aichane, akakataa, basi akaichukua karatasi ile pamoja na karatasi zake nyingine, hata barua za mapenzi ambazo Pepys mwenyewe alimwandikia kabla ya ndoa, akazichana mbele ya macho yake huku akilia na kumsihi asifanye hivyo. Pepys anasema ya kuwa moyo wake haukutaka, lakini alifanya.

Basi daftari mashuhuri kuliko yote limeandikwa na mtu aliyeichana karatasi ya mkewe. Nyumba ile ilikuwa na waandishi wawili, nasi tunaye mmoja. Kila tusomapo ya kuwa Elisabeth alichelewa kuvaa, au alitupa vitu vyake ovyo, yafaa tukumbuke ni mkono wa nani ulioandika.

Wako wasikilizaji watakaotuuliza kama jambo hili lawafaa wao, wasio na ofisi ya mfalme wala gari la farasi. Twajibu ya kuwa daftari la shule na kalamu vyatosha. Andika tarehe. Andika bei ya chumvi na ya jembe, na nani aliyefika kwa mguu kutoka wapi. Mkienda mjini kwa arusi, andika chombo mlichopanda na nani alitapika. Barazani wakisema neno juu ya kodi au juu ya mkubwa wa mahali, liandike kama lilivyosemwa, na mawazo yako chini yake, ukitenga la kusikia na la kuona, kama Pepys alivyofanya. Wala usingoje jambo kubwa. Yule mzee wa Epsom hakujua ya kuwa soksi zake zitasomwa. Na mkikaa wawili nyumbani, kila mmoja awe na daftari lake, wala mwenziwe asiliguse.

Daftari la Pepys laisha tarehe 31 Mei 1669. Macho yalikuwa yakimwuma, akasadiki ya kuwa atapofuka akiendelea kuandika alama zile ndogo mbele ya mshumaa. Akaandika ya kuwa tangu siku hiyo habari zake zitaandikwa na makarani wake kwa herufi za kawaida, kwa hiyo hazitakuwamo ila zile ziwezazo kujulikana na wao na dunia yote. Na pengine ataacha nafasi pembeni ya kutia neno lake la siri. Hakupofuka. Aliishi miaka mingine 34, akapanda cheo, akasaidia kuzitengeneza manowari za Uingereza kuliko mtu yeyote wa zamani zake. Lakini daftari kama lile hakuliandika tena.

Mwaka huo huo wa 1669 alimchukua Elisabeth matembezi ya kwenda Ufaransa na Uholanzi, safari ndefu kuliko zote walizosafiri pamoja. Aliporudi alishikwa na homa, akafa tarehe 10 Novemba, umri wake miaka 29. Pepys alimwekea sanamu ya uso na mabega katika kanisa la Mtakatifu Olave, karibu na ofisi yao, na ingaliko hata leo. Ya safari ile, waliyoyaona na waliyoambiana njiani, daftarini hamna hata neno moja.